Ahadi ni Deni: Habari za Fedha ya Vita

Katika maongezi yangu ya leo nataka kuwaeleza habari za fedha. Si habari za kuitafuta wala za kuitumia, maana hizo kila mtu anazijua, bali habari za fedha ya namna moja iliyofanywa kwa ajili ya vita, ikapita katika nchi yetu kwa miaka michache, kisha ikafa na kuwaacha watu wengi wameshika karatasi tupu mikononi mwao.

Kwanza na tuyatazame maneno yetu wenyewe, maana neno ni kama nyayo za mtu aliyepita njiani. Twasema fedha, nalo ni jina la madini meupe yaliyokuwa yakifuliwa sarafu. Twasema pesa, nalo ni neno lililotoka Bara Hindi pamoja na wafanya biashara. Twasema hela, na wengi hawajui kwamba neno hili ni la Kijerumani. Heller ilikuwa sarafu ndogo ya Wajerumani walipotawala hapa, na 100 zake zilifanya rupia moja. Wajerumani wameondoka zamani, heller zao haziingii dukani tena, lakini mtoto wa Kilosa akitumwa chumvi hata leo huuliza, "Hela ziko wapi?" Basi neno limeishi kuliko fedha yenyewe.

Nimechagua Kilosa na Mikumi kuwa mahali pa kusimama tunapoitazama habari hii, kwa sababu nchi hiyo ni mlango. Bonde la mto Mkondoa hukata kati ya milima ya Usagara, na tangu zamani misafara ya kutoka pwani ilipita humo kwenda Ugogo, Unyamwezi na Ujiji. Siku hizo msafiri hakubeba sarafu kwa kununua chakula njiani. Alibeba vitambaa vya merikani na kaniki, shanga za rangi mbalimbali na nyaya za shaba. Kwa vitu hivyo alinunua mtama na kuku, akalipa hongo kwa wakubwa wa nchi, akawapa posho wapagazi wake. Tena ilimpasa kujua shanga gani zapendwa mahali gani, maana rangi iliyopendwa hapa huweza kukataliwa mbele, na mwenye mali nyingi akalala njaa. Hapo twaona jambo la kwanza la kukumbuka: fedha ni kitu ambacho mwenzako yu tayari kukipokea. Asipokipokea, si fedha.

Baadaye zilikuja rupia. Rupia za fedha za Bara Hindi zilikuwa zimekwisha kuenea pwani, na tangu mwaka 1890 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki ikatoa rupia zake zenye sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya chuma, pamoja na pesa za shaba. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani ilijitwalia kazi hiyo, ikaziondoa pesa 64, ikaweka heller 100 kwa rupia moja, tena ikaamuru kwamba rupia 15 ni sawa na mark 20 za Ulaya. Mwaka 1905 ikaanza Benki ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki, nayo ikatoa noti za kwanza. Noti ya rupia 5 ilikuwa na picha ya simba, na ile ya rupia 10 picha ya bandari ya Dar es Salaam. Zilichapwa vizuri huko Ujerumani.

Watu wa Usagara, Ukaguru na Uvidunda hawakuzijua rupia kwa kupenda uzuri wake. Walizijua kwa sababu ya kodi. Tangu mwaka 1898 kila nyumba ya shamba ilidaiwa rupia 3 kwa mwaka. Mwanzoni watu wengine waliweza kulipa kwa mazao au kwa kazi, lakini kadiri miaka ilivyokwenda serikali ilizidi kutaka sarafu. Mtu asiyekuwa na sarafu alikwenda kuitafuta katika mashamba ya walowezi, ya katani, mpira na pamba. Reli ya Kati ilipofika Kilosa, kabla ya kuendelea Tabora na kumalizika Kigoma mwaka 1914, kazi ziliongezeka na rupia zikaongezeka. Hivyo rupia ya fedha ikazoeleka. Wazee waliijua kwa macho, wakaijua kwa meno, wakaijua kwa mlio wake ikidondoshwa juu ya jiwe. Uzito wake ulikuwa karibu gramu 12, nao ulikuwa sawasawa na uzito wa rupia ya Bara Hindi.

Mwezi wa Agosti mwaka 1914 vita vikaanza Ulaya, navyo vikafika kwetu mwezi ule ule. Manowari za Waingereza zikaifunga bahari. Meli za Ujerumani hazikuweza tena kuja na kwenda kama zamani. Ni mbili tu zilizoponyoka na kufika pwani yetu na shehena za vita, moja mwaka 1915 na moja mwaka 1916. Kwa hiyo hapakuwa na sarafu mpya kutoka Berlin wala noti mpya. Huku nyuma mahitaji ya fedha yaliongezeka sana. Mkuu wa jeshi, Paul von Lettow-Vorbeck, alianza na askari Waafrika wapatao 2,500, na kabla ya miaka miwili kwisha walizidi 10,000. Kila askari alitaka mshahara wake. Tena walikuwako wapagazi maelfu kwa maelfu, na chakula cha watu hao wote kilinunuliwa vijijini.

Kulikuwa na shida nyingine kubwa kuliko hiyo. Watu waliposikia habari za vita walianza kuzificha rupia zao za fedha. Mwenye duka Mhindi alizificha, mlowezi Mjerumani alizificha, na mkulima alizitia katika chungu akazifukia chini ya kitanda. Hakuna wa kulaumiwa. Mtu mwenye akili akiona wingu jeusi huanika nguo zake ndani. Lakini sarafu iliyofukiwa haimlipi askari, na serikali ikajikuta ina vita lakini haina fedha.

Ndipo mwaka 1915 walipoanza kuchapa noti humu humu nchini. Noti ya kwanza ilikuwa ya rupia 20, nayo ina tarehe ya 15 Machi 1915. Zikafuata za rupia 200, rupia 5, rupia 10 na rupia 50, na mwezi wa Septemba ikatoka noti ya rupia moja, kwa sababu hata rupia moja moja zilikuwa zimetoweka. Kwa Kijerumani ziliitwa noti za muda, yaani za kungojea mpaka amani irudi. Zilichapwa Dar es Salaam katika mitambo ya kuchapia magazeti, na baadaye zikaandikwa jina la Tabora pia. Hazikuwa na simba wala bandari. Zilikuwa na maneno na namba na sahihi tu, na karatasi yake ilikuwa yo yote iliyopatikana, nyingine nzito, nyingine nyepesi, nyingine ya rangi hii na nyingine ya rangi ile.

Maneno yaliyoandikwa juu yake yanafaa kufikiriwa. Noti zilisema kwamba benki italipa rupia kadha wa kadha kutoka katika akiba iliyowekwa kwa serikali ya Kaisari. Maana yake ni hii: wewe uliyeishika huna rupia, una ahadi ya rupia. Anayeahidi ni benki, na nyuma ya benki yuko serikali. Serikali ikisimama, ahadi husimama. Serikali ikianguka, nani atakayelipa?

Sasa wanafunzi wanaosikiliza na wachukue kalamu, tufanye hesabu kidogo, ili tuone kwa nini jeshi lapenda karatasi. Tuseme askari 10,000 wanalipwa rupia 20 kila mmoja kwa mwezi. Hizo ni rupia 200,000. Kila rupia ya fedha ina uzito wa karibu gramu 12, basi uzito wa mshahara wote ni kama kilo 2,400. Mpagazi mmoja huchukua mzigo wa kilo 25 hivi. Kwa hiyo watahitajiwa wapagazi karibu 96 kubeba mshahara wa mwezi mmoja tu, nao hawana nafasi ya kubeba hata kibaba cha unga wala risasi moja. Usisahau kwamba katika nchi za mbung'o, kama tambarare za Mkata na Mikumi, farasi na ng'ombe wa kukokota hawaishi. Kila kitu kilikwenda juu ya kichwa cha mwanadamu. Lakini rupia 200,000 za noti zaweza kuchukuliwa na watu wachache katika masanduku machache. Basi karatasi ilikuwa nyepesi kwa jeshi. Ila uzito haukupotea, ulihamia kwa yule aliyeipokea.

Wajerumani nao walijua kwamba watu wengi hawaiamini karatasi, hasa watu wasiojua kusoma. Kwa hiyo mwaka 1916 walianza kufua sarafu zao wenyewe karibu na Tabora, katika karakana ya reli. Walifua heller 20 na heller 5 kwa shaba iliyokusanywa kila mahali, pamoja na maganda ya risasi na mizinga. Sarafu hizo ni rahisi kuzitambua: zina taji, zina mwaka 1916, zina herufi D.O.A. za jina la koloni kwa Kijerumani, na herufi T kwa ajili ya Tabora. Heller 20 zilifuliwa nyingi sana, zaidi ya 1,000,000. Zilifuliwa kwa haraka, na ukizipanga kadha wa kadha mezani utaona kwamba hazifanani vizuri, nyingine zimekwenda upande, nyingine zimefifia.

Tena walifua sarafu ya dhahabu ya rupia 15, kwa dhahabu ya machimbo ya Sekenke. Upande mmoja ina tai wa Ujerumani, na upande wa pili ina tembo ameinua mkonga wake mbele ya milima. Fundi aliyechora picha ile alikuwa mtu wa Ceylon, mfua dhahabu. Zilitoka zipatazo 16,000 tu. Wakusanyaji wa sarafu ulimwenguni wanazitafuta mpaka leo na kuzinunua kwa bei kubwa. Lakini kwa mkulima wa Mikumi wakati ule, tembo wa dhahabu alikuwa habari ya kusikia tu. Yeye aliletewa karatasi na shaba.

Sasa turudi Kilosa tuone vita vinavyoingia mlangoni. Mwezi wa Julai mwaka 1916 majeshi ya Jemadari Van Deventer wa Afrika ya Kusini yalishika Dodoma, akaifuata reli kuja mashariki. Tarehe 22 Agosti 1916 akaingia Kilosa. Siku nne baadaye Jemadari Smuts akaingia Morogoro, tarehe 4 Septemba Dar es Salaam ikashikwa, na tarehe 19 Septemba Wabelgiji wakaingia Tabora, na mtambo wa sarafu ukanyamaza. Wajerumani walipotoka Kilosa hawakukimbia ovyo. Walishuka kusini kwa njia ya Ulaya na Kidodi kuelekea mto Ruaha, wakipigana nyuma yao, na wafuasi wao wakawafuata kupitia nchi ya Mikumi. Farasi wa jeshi la Afrika ya Kusini walikufa kwa maelfu katika safari zile kwa ugonjwa na mbung'o, na watu waliobaki wakaenda kwa miguu, njaa ikiwauma.

Hebu fikirini hali ya mkulima aliyekaa kando ya njia ile. Mwezi wa Julai anatawaliwa na watu wa heller. Ameuza mtama wake, ameuza mbuzi, na malipo yake ni noti za rupia zilizochapwa Dar es Salaam. Mwezi wa Agosti wale walioahidi wamepita mbele ya nyumba yake wakienda kusini, na nyuma yao wamekuja wengine wenye lugha nyingine, nao wanataka mtama vile vile. Wageni hawa wanalipa kwa rupia za Bara Hindi zenye sura ya Mfalme wa Uingereza. Akiwaonyesha noti zake, wanazitazama kama unavyotazama hati ya madeni ya mtu aliyehama usiku. Lakini akiwaonyesha rupia yake ya zamani yenye sura ya Kaisari, fedha yake ni fedha ile ile, na uzito wake ni uzito ule ule. Kaisari ameondoka, lakini madini yamebaki. Hiyo ndiyo tofauti ya vitu hivi viwili, na mkulima yule hakuhitaji mwalimu wa kumfundisha.

Tusidhani kwamba wale wenye kulipa rupia za Bara Hindi waliondoa taabu. Rupia haiwezi kupikwa. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka na ng'ombe kwa ajili ya watu wao, yakawachukua vijana kuwa wapagazi, na mvua zilipokosa katika Ugogo, jirani ya Kilosa, ikaja njaa kubwa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Ilikaa tangu siku za vita hata baada ya vita kwisha. Watu walikufa kwa maelfu. Mtu mwenye rupia mfukoni alitembea siku nyingi asipate wa kumwuzia pishi moja ya mtama. Hapo fedha zote, ya karatasi, ya shaba na ya madini meupe, zilikuwa sawa.

Wajerumani waliokwenda kusini waliendelea kupigana, na kwa kuwa waliendelea kupigana waliendelea kuhitaji fedha. Hawakuwa tena na reli, wala mji, wala mtambo wa magazeti. Basi mwaka 1917 walifanya noti porini. Herufi zake zilikuwa za mpira, za namna ya kupigia mihuri, na zilipangwa kwa mkono moja moja, zikagongwa juu ya vipande vidogo vya karatasi, kisha zikatiwa muhuri wa tai. Noti hizo huitwa noti za porini. Ukiiona mojawapo katika nyumba ya ukumbusho utafikiri ni mchezo wa mtoto wa shule. Lakini juu yake kuna maneno mazito: benki italipa. Benki ipi, wasikilizaji? Matawi yake yote yalikuwa mikononi mwa adui.

Vita vikaisha. Tarehe 25 Novemba 1918 Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini huko Abercorn, mji uitwao sasa Mbala, katika nchi ya Zambia. Alikuwa na askari Waafrika zaidi ya 1,100 na wapagazi maelfu. Watu hao walikuwa hawajalipwa mshahara kwa muda mrefu, na hapakuwa na cho chote cha kuwalipa. Askari wakapewa hati za karatasi zenye kuandikwa jina na deni. Wakarudi makwao, wengine kwa miguu mamia ya maili, na mshahara wao ukiwa kikaratasi ndani ya mkoba.

Noti za vita nazo zikafa. Serikali mpya haikuzihesabu kuwa fedha halali. Mwaka 1919 ikaundwa Halmashauri ya Fedha ya Afrika ya Mashariki huko London, mwaka 1920 ikatoa sarafu iitwayo florin, na mara baada yake, mwaka 1921, shilingi ikaamriwa kuwa fedha ya nchi hizi, shilingi 2 kwa rupia moja. Mtu wa makamo katika Kilosa aliyezaliwa kabla ya reli alikuwa ameziona katika maisha yake merikani na shanga, pesa, heller, noti za Kijerumani, rupia za Bara Hindi, florin na shilingi. Kila badiliko lilikuwa na sababu zake nzuri katika vitabu vya serikali. Lakini kila badiliko lilimkuta yeye na kitu fulani mkononi ambacho kesho yake hakikununua chumvi.

Upande wa Waingereza nao haukuwa safi. Jeshi la wapagazi liliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, nasi tukalifanya neno letu, Kariakoo, kama mnavyoujua mtaa ule wa Dar es Salaam. Watu waliochukuliwa kwa kazi hiyo katika Afrika ya Mashariki walikuwa mamia ya maelfu, na waliokufa walikuwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia wajane wao wala watoto wao. Wengine majina yao yaliandikwa vibaya, wengine hayakuandikwa kabisa. Mali bila daftari huisha bila habari, na mtu bila daftari huisha vivyo hivyo.

Ni kweli kwamba deni moja lilikumbukwa, ingawa kwa kuchelewa sana. Mwaka 1964, miaka 46 baada ya Abercorn, bunge la Ujerumani ya Magharibi lilikubali kuwalipa askari wale wa zamani waliokuwa bado hai. Husimuliwa kwamba walijitokeza wazee wapatao 350, na katika Mwanza ikafunguliwa ofisi ya kuwalipa. Wachache tu walikuwa na zile hati zao za mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya nguo za kiaskari, na wengine hawakuwa na kitu. Basi yule bwana wa malipo alitafuta shauri. Kila mzee alipewa ufagio badala ya bunduki, akaamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride la silaha. Husemwa kwamba hakuna hata mmoja aliyekosea. Karatasi zilikuwa zimeliwa na mchwa, lakini mikono yao haikusahau.

Habari hii hupendwa sana na wasimulizi, nami naipenda. Ila nataka mwanafunzi ajiulize swali moja. Askari aliweza kuonyesha gwaride. Je, mpagazi angeonyesha nini? Na yule mkulima wa njia ya Mikumi, aliyetoa mtama akapokea noti, angepewa ufagio gani? Hakuna amri ya Kijerumani ya kumwambia mtu aonyeshe jinsi alivyouza mbuzi wake. Deni la mwenye bunduki lilikumbukwa, na deni la mwenye jembe halikuwa na shahidi.

Katika vita vya pili fedha za vita zilionekana tena kwa sura nyingine. Vijana wetu wa King's African Rifles waliokwenda Uhabeshi mwaka 1941 waliikuta shilingi ya Afrika ya Mashariki imetangulia pamoja nao, ikitumika Somalia na Uhabeshi kwa amri ya jeshi. Wale waliofika Burma mwaka 1944 walizikuta noti za rupia ambazo Wajapani walikuwa wamezichapa kwa ajili ya nchi ile; baada ya Wajapani kushindwa zilikuwa takataka. Mwaka 1945 Waingereza nao walitumia huko noti za Bara Hindi zilizopigwa chapa ya utawala wa kijeshi. Na kuanzia mwaka 1946 jeshi la Uingereza lilitoa hati maalumu kwa askari wake waliokaa nchi za kigeni, zenye kufaa katika maduka na mikahawa ya jeshi tu. Sababu yake ni kuzuia fedha ya askari isimwagike sokoni ikapandisha bei za vitu na kulisha biashara ya magendo. Tukizilinganisha, hati hizi zina haki kuliko noti za mwaka 1915, maana zilibaki ndani ya ua wa jeshi, na hakuna mkulima aliyelazimishwa kuzipokea kwa chakula cha watoto wake.

Basi, wasikilizaji wangu, tujifunze nini? Mimi sisemi kwamba karatasi ni mbaya. Sisi sote twatumia noti, na dunia haiwezi kurudi kwenye shanga. Nasema kwamba noti ni ahadi, na ahadi ni deni. Kabla ya kuipokea ahadi tazama ni ya nani, na kabla ya kuitoa tazama utailipa kwa nini. Vita huahidi upesi, kwa sababu vina njaa leo. Hulipa polepole, au havilipi, kwa sababu kesho yake aliyeahidi huenda hayupo.

Neno langu la mwisho ni kwa vijana wa shule. Nendeni kwa wazee wenu, hasa ninyi wa Kilosa, Ulaya, Mikumi na Kidodi. Huenda katika mkoba wa bibi, au chini ya sanduku la babu, kuna kiduara cha shaba chenye taji na mwaka 1916, au kipande cha karatasi chenye maneno yasiyosomeka nyumbani. Msikisugue kwa mchanga kwa kutaka king'ae, wala msikitupe. Ulizeni: kilipatikanaje? Aliyekileta alitoa kitu gani, mbuzi, mtama au mgongo wake? Kisha andikeni jibu katika daftari pamoja na jina la mtu yule, maana katika vitabu vya vita majina ya majemadari yamejaa tele, lakini jina la babu yako usipoliandika wewe, hakuna mwingine atakayeliandika.